Pikipiki ya kwanza ya kwendea kazini: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

FOLENI za magari za asubuhi na jioni, pamoja na gharama za usafiri, zimewafanya wakazi wengi wa Jiji la Dar es Salaam kufikiria kununua pikipiki ya kwendea kazini. Baadhi yao hawajawahi kumiliki chombo hicho, na hufika dukani wakiwa na swali moja tu: Ipi ina bei nafuu?

Swali hilo halitoshi. Bei ya dukani hulipwa mara moja, lakini mafuta, oili, tairi na vipuri hulipiwa kwa muda wote ambao chombo kitakuwa barabarani. Aidha, pikipiki isiyolingana na kimo wala uzoefu wa mwendeshaji inaweza kumgharimu kiungo au maisha. Pikipiki yenye unafuu wa kweli ni ile ambayo mnunuzi ataweza kuimudu barabarani, kuipatia vipuri karibu na kuitunza kwa kipato chake.

Hesabu ya mafuta

Tuchukulie mfanyakazi anayesafiri kilomita 20 kwenda kazini na 20 kurudi, umbali unaokaribia ule wa kutoka Tegeta hadi Posta. Kwa siku 22 za kazi, atatembea kilomita 880 kwa mwezi. Pikipiki ndogo iliyo katika hali nzuri, ikienda kilomita 45 kwa lita moja, itatumia takriban lita 20. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita katika foleni litatumia lita 88.

Ikiwa lita ya petroli ni Sh3,000, mwenye pikipiki atatumia takriban Sh60,000 na mwenye gari Sh264,000. Bei hubadilika, kwani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila mwezi, hivyo msomaji aweke bei ya siku hiyo na umbali wake mwenyewe.

Hata hivyo, kwa anayetumia daladala hesabu inaweza kuwa tofauti. Ajumlishe nauli zake za mwezi, kisha azilinganishe na mafuta pamoja na akiba ya oili, tairi, cheni na bima. Anaweza kugundua kuwa atakachookoa zaidi ni muda, wala si fedha. Ni vyema akalijua hilo kabla hajakopa.

Kwa pikipiki za umeme, ambazo nazo zimeingia sokoni, maswali ni mengine: Inakwenda umbali gani kwa chaji moja, itachajiwa wapi, na betri mpya ni kiasi gani?

Ukubwa wa injini

Kwa safari za mjini za mtu mmoja, injini ya cc 100 hadi 125 inatosha. Kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na injini hizo hukifikia bila taabu. Injini ya cc 150 humfaa anayebeba abiria au mzigo kila siku, au anayepanda vilima mara kwa mara. Inayozidi hapo huongeza matumizi ya mafuta na kumpa anayejifunza nguvu ambazo hajajua kuzidhibiti.

Wapo pia wanaopendelea skuta, hasa zile zisizo na gia za kubadilisha, kwa kuwa ni rahisi kuendesha katika foleni. Udhaifu wake ni kwamba nyingi zina magurudumu madogo, ambayo huteseka katika barabara zenye mashimo. Anayepata Vespa ya zamani akumbuke kuwa nyingi kati ya hizo hutumia petroli iliyochanganywa na oili, tofauti na pikipiki nyingi za sasa.

Kimo, uzito na breki

Mnunuzi akae juu ya pikipiki kabla ya kuzungumzia bei. Miguu yote miwili iguse chini vizuri, na mikono ifikie klachi na breki bila kujinyoosha. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zina uzito wa takriban kilo 100 hadi 130. Asiyeweza kuisukuma na kuigeuza ikiwa imezimwa atapata shida pale itakapomlalia katikati ya foleni.

Breki ya diski ya mbele husimamisha chombo kwa nguvu zaidi kuliko breki za kawaida za ndani ya gurudumu, lakini inahitaji mkono uliozoea, hasa barabara inapokuwa na mchanga au maji. Kwa kuwa mvua za masika na vuli huacha barabara zikiteleza, tairi zenye kashata nzuri si anasa.

Vipuri na mafundi

Pikipiki aina ya Boxer, inayotengenezwa na kampuni ya Bajaj ya India, pamoja na TVS, nayo ya India, zimeenea kwa waendesha bodaboda. Faida kwa mnunuzi wa kawaida ni kwamba vipuri vyake hupatikana kwa urahisi na mafundi wengi wanazifahamu. Kabla ya kununua aina isiyozoeleka, ulizia Kariakoo na kwa fundi wa mtaani kwako bei ya cheni, pedi za breki na kebo ya klachi. Kama hazipatikani, unafuu wa bei ya dukani utaisha siku chombo kitakapolala gereji kikisubiri kipuri.

Pikipiki inayouzika haraka humvutia pia mwizi. Bei ya kufuli imara iwemo katika bajeti.

Iliyotumika

Anayenunua pikipiki iliyotumika aende na fundi wake, si wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu usiokoma ni dalili kuwa inaunguza oili. Meno ya sproketi yaliyochongoka huonyesha kuwa cheni nayo imechoka. Usukani unaovutia upande mmoja unaweza kuwa alama ya ajali ya zamani.

Namba za chesi na injini zilingane na zile za kwenye kadi, na jina la mmiliki lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Inafaa pia kuhakiki kama chombo kinadaiwa faini za barabarani, kisha kukamilisha uhamisho wa umiliki katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Kofia ngumu kwanza

Gharama ambayo wengi huiacha mwisho ndiyo inayopaswa kutangulia. Kofia ngumu ikae sawasawa kichwani bila kuchezacheza, na mkanda wake ufungwe kila safari. Tafiti zilizokusanywa kimataifa zinaonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 40, na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 70. Kofia iliyowahi kupata kishindo kikubwa ibadilishwe hata kama haina ufa.

Mnunuzi apate mafunzo katika shule ya udereva na leseni yenye daraja la pikipiki. Bima inayofidia watu wengine watakaodhurika ni ya lazima kisheria, na asiye na leseni anaweza kukataliwa madai yake. Njia za mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, si za pikipiki, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Baada ya hapo ni utunzaji: upepo wa tairi, ulegevu wa cheni, taa na breki vikaguliwe kila wiki, na oili ibadilishwe kwa wakati uliotajwa katika kitabu cha maelekezo. Mwenye Sh3 milioni asizimalizie zote katika chombo. Atenge kwanza fedha za kofia ngumu, mafunzo, leseni na bima, kisha atafute pikipiki inayoingia katika kiasi kilichobaki.