Ziwa Halizimi Moto

Rumonge ni mji uliolala kando ya maji. Mbele yake ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470 na la pili kwa kina duniani. Nyuma yake ni mashamba ya michikichi, na juu zaidi ni milima ya Bururi. Mgeni apitaye hapo aweza kudhani kwamba mahali penye maji mengi namna hiyo moto hauna nafasi. Historia ya Burundi inakanusha dhana hiyo. Bila mashine, mipira na watu waliofunzwa, maji ya ziwa hayamfai kitu mtu ambaye nyumba yake inawaka.

Ushahidi ulipatikana Bujumbura, Jumapili tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la mji lilipowaka asubuhi. Ziwa lilikuwa kilomita chache tu kutoka hapo. Hata hivyo, magari ya zimamoto yaliyokuwepo hayakutosha, na msaada wa helikopta ukabidi kutoka Rwanda. Soko likateketea. Wafanyabiashara walioamka siku hiyo wakiwa na mali walilala wakiwa na madeni, na uchumi wa nchi nzima ukatikisika.

Kuzima moto ni kazi ya askari tangu zamani. Mwaka wa 6 baada ya Kristo, Kaisari Augusto aliunda mjini Roma vikosi 7 vya walinzi wa usiku. Walizunguka mitaani na ndoo na mashoka. Walizima moto, na wezi nao waliwakamata. Huko Paris, tarehe 1 Julai 1810, moto ulizuka katika karamu ya balozi wa Austria, Napoleon mwenyewe akiwapo, na watu wakafa. Ilidhihirika kwamba wazimamoto wa wakati huo hawakuwa na nidhamu ya kutosha. Mwaka uliofuata Napoleon alikifanya kikosi cha Paris kuwa cha jeshi, na hata leo wazimamoto wa mji huo ni wanajeshi.

Nchi za ziwa hili nazo zimefuata njia iliyo karibu na hiyo. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2007 ilianzisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nchini Burundi, Polisi ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2004 kufuatia Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, ilipewa pia jukumu la kuwakinga raia na maafa. Basi afisa wa polisi aliyeko Rumonge asidhani kwamba moto ni shauri la watu wengine.

Tena asitegemee msaada wa Bujumbura pekee. Kutoka huko hadi Rumonge ni zaidi ya kilomita 70, kwa barabara iliyobanwa kati ya mlima na ziwa. Mwezi wa Machi 2015 maporomoko ya Gitaza yaliikata barabara hiyo. Kati ya mwaka 2020 na 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika makazi ya ufukweni. Hata barabara ikiwa njema, gari zito lililojaa maji litatumia saa nzima au zaidi, na nyumba ya kawaida haisubiri hata nusu saa.

Kikosi kidogo cha mji hutatua tatizo hilo kwa hesabu nyepesi. Gari lenye lita 4,000, likitoa lita 400 kwa dakika, humaliza maji yake kwa dakika 10. Baada ya hapo linahitaji kisima, bomba la mji, au mashine ya kuvuta maji ziwani. Mashine hiyo haivuti maji kutoka chini zaidi ya mita 7 au 8, kwa hiyo mahali pa kuitega hutafutwa mapema, mchana, wala si usiku wa ajali. Kikosi hufanya mazoezi ya kutandaza mipira. Hujua ni uchochoro upi gari haliwezi kupita. Kila usiku pana mtu wa zamu, na hukagua nyaya za umeme sokoni kabla hazijaungua.

Rumonge ina hatari zake yenyewe. Mawese huchemshwa katika mapipa juu ya kuni, na moto wa mafuta haumwagiwi maji. Maji hugeuka mvuke mara moja na kuyarusha mafuta yanayowaka pande zote. Huo hufunikwa kwa kifuniko au kwa mchanga mkavu. Petroli inapoadimika watu huificha majumbani katika madumu, karibu na majiko. Na wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, moto wa majani hutishia misitu ya hifadhi ya Rumonge na Kigwena.

Liko jambo zito zaidi ya vifaa. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wakauawa; yakafuata mauaji makubwa zaidi nchini kote, na raia wengi mno wakakimbilia nchi jirani. Kuanzia mwaka 1993 vita vikachoma nyumba tena. Wengi wa waliorejea walijenga upya, lakini katika kumbukumbu zao moto na sare vilikuja pamoja. Askari afikaye nyumbani kwa mtu kama huyo akiwa amebeba mpira wa maji anarudisha imani ambayo hotuba haziwezi kuirudisha.

Isisahauliwe pia tarehe 7 Desemba 2021, moto ulipozuka alfajiri katika gereza la Gitega. Serikali ilitangaza vifo 38 na majeruhi 69, na chanzo kikatajwa kuwa hitilafu ya umeme. Gereza hilo lilikuwa na watu wengi kupita kiasi. Fundisho kwa kila kambi, kituo na mahabusu ni kwamba mwenye funguo ndiye mzimamoto wa kwanza.

Tangu mwaka 2025 komini ya Rumonge imo katika mkoa wa Burunga. Mipaka ya utawala hubadilika; wajibu wa wenye sare haubadiliki. Kila kamanda wa ufukweni na ajiulize leo: mashine iko wapi, nani anajua kuiwasha, na nani yuko zamu usiku huu? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu, mji wake hauna ulinzi, hata kama ziwa zima liko mlangoni pake.