Mti wa baharini ambao si mti

Leo tuipumzishe siasa kidogo. Nataka tuzungumzie kiumbe mmoja aliyewahi kuwagombanisha wasomi wa Ulaya, maana ugomvi wenyewe una funzo kwetu sisi tunaokula kwa kalamu.

Kiumbe huyo anaitwa haidroidi, ndugu wa yavuyavu na matumbawe. Hujishikiza kwenye mawe, makombe na nguzo za gati, akachipua matawi kama kichaka kidogo. Ukimtazama haraka utasema ni mwani tu. Kumbe kwenye matawi hayo kumejaa vinywa, na kila kinywa kimezungukwa na minyiri yenye sumu ya kunasia vijidudu vya majini. Anachomeza mmoja hupita kwenye mirija na kuwafikia wenzake wote.

Mwaka 1751, mfanyabiashara wa London aitwaye John Ellis aliletewa vimea vya baharini vilivyokaushwa, kutoka kisiwa cha Anglesey na Dublin. Akavipanga kwenye karatasi vikawa kama picha ya miti na vilima. Vilipendeza mno, hata mwanasayansi Stephen Hales akamwomba atengeneze vingine kwa ajili ya mabinti wa kifalme. Hadi hapo yalikuwa mapambo tu.

Ila Ellis alivichungulia kwa hadubini, akaona maumbile yasiyofanana na ya mmea. Hakuridhika na vikavu. Agosti 1752 akafunga safari hadi kisiwa cha Sheppey, pwani ya Kent, pamoja na mchoraji Charles Brooking, ili avione vikiwa hai ndani ya maji ya bahari. Mwaka 1755 akachapisha kitabu: hawa ni wanyama, na vichaka vyao ni nyumba walizojijengea wenyewe.

Je, wakubwa walikubali? Si wote. Carl Linnaeus wa Sweden, bingwa wa kuvipa viumbe majina, alishikilia kuwa shina ni mmea na "maua" yake ndiyo mnyama. Yaani nusu kwa nusu! Ellis alibishana naye kwa barua miaka mingi. Leo tunajua kwamba kuhusu haidroidi, mfanyabiashara ndiye aliyekuwa sahihi.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu sana. Lakini kuna kundi jingine, Corallina, lenye matawi magumu ya chokaa. Mwaka 1766 Peter Simon Pallas, Mjerumani aliyekuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika kuwa hiyo ni mimea. Ellis akampinga: nayo ni wanyama! Makala hiyo ya 1767 ni miongoni mwa kazi zilizompatia nishani ya Copley ya Royal Society. Na hapo ndipo alipokosea. Corallina ni mwani kweli.

Mtu yule yule, hadubini ile ile. Mara ya kwanza alitazama kwanza, jibu likaja baadaye. Mara ya pili jibu alikuwa nalo tayari.

Wala tusiwacheke watu wa kale. Katika karne ya 20, haidroidi aitwaye Sertularia argentea alivuliwa kwenye mlango wa mto Thames na Bahari ya Kaskazini, akakaushwa, akatiwa rangi ya kijani na kuuzwa kama pambo la ndani, "mmea usiohitaji maji". Jamani, utahitaji maji vipi wakati ni mifupa ya mnyama aliyekwisha kufa? Miaka mia mbili baada ya Ellis, watu walinunua, wakaweka sebuleni.

Kwa hiyo mimi naona hatari ya mwandishi si kutojua. Asiyejua huenda Sheppey kutazama. Hatari ni pale unapokwenda kwenye tukio huku kichwa cha habari umeshakiandika, tena hasa kama mara iliyopita ulipatia na watu wakakupigia makofi.

Wenzangu mnasemaje?