Ned Christie: mhunzi aliyegeuzwa jambazi

Ned Christie alizaliwa mwaka 1852 huko Wauhillau, katika Taifa la Cherokee, sehemu ambayo leo ni mashariki mwa jimbo la Oklahoma, Marekani. Familia yake ilikuwa miongoni mwa Wacherokee waliohamishwa kwa nguvu kutoka kwao kusini-mashariki katika miaka ya 1830. Alikuwa mhunzi na fundi wa bunduki, na mwaka 1885 alichaguliwa kuingia katika baraza la taifa lake. Hakuwa malaika: alikunywa pombe, na aliwahi kushtakiwa kwa kifo cha Mcherokee mwenzake, mahakama ya Wacherokee ikamwachia huru. Hata hivyo, kumweka kapu moja na wanyang'anyi wa benki, kama vitabu vingi vilivyofanya, ni dhuluma.

Mei 1887 Christie alikuwa Tahlequah, mji mkuu wa Wacherokee, kwa kikao cha baraza kilichoitishwa baada ya shule ya wasichana kuteketea kwa moto. Usiku wa tarehe 4, Dan Maples, naibu marshali wa Marekani, alipigwa risasi karibu na mji huo, akafariki kesho yake. Christie alikuwa miongoni mwa waliotajwa kuwa washukiwa. Kwa kuwa marehemu alikuwa raia wa Marekani, kesi isingesikilizwa na Wacherokee bali Fort Smith, Arkansas, kwa Jaji Isaac Parker, ambaye katika miaka yake 21 watu 79 walinyongwa kwa hukumu zake. Wakati huo hukumu ya kifo ya mahakama hiyo haikuwa na rufaa. Christie akakataa kujisalimisha.

Mwaka 1889 naibu marshali Heck Thomas na wenzake walichoma nyumba yake na kumpiga risasi ya uso, akapoteza jicho. Alijenga nyingine mlimani, ya magogo yenye kuta mbili. Wakati huohuo magazeti yalimtwisha kila wizi wa farasi na kila biashara ya pombe ya magendo mkoani humo. Mwanahistoria Devon Mihesuah, mwenye asili ya Choctaw, katika kitabu chake cha mwaka 2018, alionyesha kuwa nyingi ya tuhuma hizo hazikuwa na ushahidi.

Novemba 1892 kikosi kiliizingira ngome hiyo kwa mzinga mdogo ulioletwa kutoka Kansas. Makombora yalidunda tu kwenye magogo, na mwishowe mzinga wenyewe ukapasuka. Washambuliaji wakaunda ngao ya mbao juu ya magurudumu ya mkokoteni, wakaisukuma usiku hadi ukutani na kutega baruti. Christie alitoka ndani ya moshi akifyatua risasi, akauawa tarehe 3. Maiti ilipelekwa Fort Smith, ikaegemezwa kwenye ubao, ikawekewa bunduki mikononi na kupigwa picha. Picha hiyo, iliyopangwa na wauaji wake, ndiyo iliyowafundisha wasomaji wa vizazi vilivyofuata sura ya Christie.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, mhunzi mzee Dick Humphrey alisema alimwona mtu mwingine, Bub Trainor, akimpiga Maples risasi huku Christie akiwa amelala kwa ulevi. Trainor alikuwa amekwishakufa, na ushahidi huo haukuwahi kupimwa mahakamani. Riwaya zilizofuata, ikiwemo ya Larry McMurtry na Diana Ossana ya mwaka 1997, zilimwonea huruma Christie. Mihesuah anazitilia shaka ngano za pande zote mbili, ya jambazi na ya shujaa. Kuhusu kifo cha Maples, Christie hakuwahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote.