Uso Wenye Chale

Ndugu msomaji, ikiwa umekulia pwani, iwe Mtwara au Lindi, Tanga au Mombasa, huna haja ya kuelezwa sana sura ya mzee wa Kimakonde wa zamani. Unamjua. Ni yule mwenye chale nyeusi usoni, mistari iliyopinda kama meno ya msumeno, iliyoanza katika kipaji cha uso ikashuka mashavuni hata kidevuni. Alilinda maduka usiku, alikata mkonge, alichonga mpingo. Mkewe naye huenda alikuwa na tundu katika mdomo wa juu, mahali pa ndonya. Na unajua pia jinsi alivyotazamwa. Watu walimpa kazi lakini hawakumpa kiti. Zilikuwepo nyumba ambazo watoto walitishwa kwa jina lake wakikataa kulala. Na jina lenyewe halikuwa lake, kwani waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji waliitwa Wamawia, neno wasilolipenda, lililobebeshwa maana ya ukali na ushenzi.

Dharau hiyo ilitoka wapi? Yafaa tuulize, kwani wengi wetu huifunika kwa dini. Mtu wa pwani akiulizwa hujibu upesi: chale ni haramu. Na ni kweli, ni haramu. Lakini hukumu ya tendo ni moja, na hukumu ya mtu ni nyingine, na hizi mbili tumezichanganya kwa muda mrefu sana.

Wamakonde hukaa pande zote mbili za mto Ruvuma: Newala, Tandahimba na Mtwara upande wa Tanzania, na nyanda za juu za Mueda upande wa Msumbiji. Kwao chale za uso huitwa dinembo. Sikio la Mswahili hulitambua neno hilo mara moja, maana sisi nasi tuna nembo, na katika kamusi za zamani limo kwa maana hiyo hiyo ya alama za kabila zinazochanjwa mwilini. Leo twaliandika juu ya barua za serikali na pakiti za majani ya chai, wala hatukumbuki kuwa liliwahi kuwa jina la kitu tulichokicheka.

Kazi yenyewe ilikuwa na mafundi wake. Fundi aliichana ngozi kwa kisu kidogo, kisha akasugua masizi ya mbarika katika jeraha. Likipona, rangi hubaki chini ya ngozi, nyeusi yenye kuelekea buluu. Na ili ikolee, kazi ilirudiwa zaidi ya mara moja. Walichanjwa vijana wa kiume na wa kike, umri wa kuelekea utu uzima, na kuyavumilia maumivu yale kulikuwa ushahidi wa ujasiri. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Newala akawapiga picha wenye chale na ndonya. Nusu karne baadaye Mreno Jorge Dias alifanya uchunguzi upande wa Msumbiji na kuandika kwa kirefu. Ukizitazama barakoa za ngoma yao ya mapiko utaziona chale zile zile zimetiwa katika uso wa mti. Kwa mwenyewe, basi, uso ule haukuwa umeharibiwa. Ulikuwa umekamilishwa.

Sasa tuje kwetu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kupitishia watumwa wa kusini. Waliletwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na Wamakonde, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Katika biashara ile uso ulikuwa waraka. Mnunuzi alizitazama chale akajua huyu katoka wapi, na kwa mtu wa pwani kutoka bara kulimaanisha kuwa mtu awezaye kuuzwa. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo letu. Aliyemcheka mwenye chale sokoni hakuwa akimkumbuka Mtume (S.A.W.) na katazo lake; alikuwa akipima cheo. Kwake muungwana alikuwa na uso mtupu, na mtumwa uso ulioandikwa. Utumwa ulipofutwa na sheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, macho hayakufutwa pamoja nao.

Wako wasemao kuwa Wamakonde walijichanja makusudi ili wachukize machoni mwa wafanya biashara ya watumwa. Maneno haya yamependwa sana, na mimi siyapokei. Watu hawairithishi sanaa yenye maumivu kizazi kwa kizazi, wakaitia katika ngoma na barakoa zao, kwa sababu ya kumwogopa mgeni tu. Nadhani yamependwa kwa kuwa yanaturahisishia: yanafanya chale zile zihusu sisi badala ya kuwahusu wao.

Kisha likaja jambo ambalo watu wa mjini hawakulitazamia. Baada ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Uislamu ulienea vijijini kusini mwa Tanganyika, na ulienezwa na walimu wa vijijini wenyewe, kwa vyuo vya Kurani na kwa tarika kama Qadiria na Shadhilia. Wamakonde wengi wa upande wa Tanzania wakawa Waislamu. Wa Mueda wengi waliingia Ukatoliki. Basi akapatikana Mwislamu mwenye dinembo. Akatamka shahada, akajifunza kutawadha, akafunga Ramadhani, na uso wake ukabaki vile vile, kwa sababu chale hazioshwi.

Je, wanavyuoni walisemaje juu ya mtu kama huyu? Katika hadithi sahihi Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuchanja na mwenye kutaka kuchanjwa, na hakuna wa kulipunguza hilo. Lakini tazama jinsi wanavyuoni walivyolifafanua. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, naye ni nguzo ya madhehebu yetu ya Shafii hapa pwani, ameeleza kuwa msichana akichanjwa angali mtoto, dhambi ni ya aliyemchanja. Mtoto hana dhambi, kwani sheria haijamfikia. Ameeleza tena kuwa chale zikiwezekana kuondolewa kwa dawa, ziondolewe. Ikiwa haziondoki ila kwa kujeruhi, na ikahofiwa kupoteza kiungo au manufaa yake au kubaki kovu baya mahali panapoonekana, si lazima kuziondoa, na mtu akitubu hana dhambi iliyobaki. Na vitabu vya fikihi vya madhehebu yetu vinasema waziwazi kuwa mwenye udhuru huo sala yake ni sahihi na uimamu wake ni sahihi. Soma tena hapo, ndugu yangu. Uimamu wake! Nasi tumemwona mzee mwenye chale akisali safu ya nyuma, karibu na viatu, wala hakuna aliyemsogeza mbele.

Na kabla ya Nawawi yuko aliye bora kuliko sisi sote. Bibi Asma binti Umays (R.A.) alisilimu mapema, akahajiri Habasha pamoja na mumewe Jaafar bin Abi Talib. Jaafar alipouawa shahidi Muta, aliolewa na Abubakar, na baada yake na Ali. Imepokewa kutoka kwa Qays bin Abi Hazim kuwa aliingia kwa Abubakar katika ugonjwa wake, akamwona Bibi Asma akimpepea, na mikono yake ina chale. Alikuwa amechanjwa zama za jahilia, chale za namna ya Waberberi. Abubakar (R.A.) alipofariki, mikono hiyo ndiyo iliyomwosha. Hatukupata kusikia Sahaba aliyemfanyia stihizai.

Wala si yeye peke yake. Katika milima ya Aures huko Algeria wamekuwepo mabibi wa Kiberberi, Waislamu kizazi baada ya kizazi, wenye michoro kwenye kipaji na kidevu waliyotiwa wangali wasichana. Wajukuu wao hawachanjwi tena. Lakini hakuna mjukuu aliyeacha kumbusu bibi yake mkono kwa sababu hiyo.

Tena tuseme kweli juu ya miili yetu wenyewe. Ni nyumba ngapi za pwani ambazo mganga hakuwahi kuingia na wembe wake? Chale za kifuani, za vifundoni, za utosini, zikatiwa dawa ya kukinga husuda na majini, na mwenye nazo amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito. Hazionekani, basi hazisemwi. Vile vile, hadithi iliyotaja wenye kuchanja imewataja pia wenye kunyoa nyusi na wenye kuchonga meno kwa ajili ya uzuri, na hadithi nyingine ikawataja pamoja nao wenye kuunga nywele. Hebu hudhuria harusi yoyote ya mjini uhesabu nyusi. Mwenye nyusi zilizochongwa hupewa kiti cha mbele. Mama wa Kimakonde, aliyechanjwa mtoto na asiye na hila ya kujinasua, ndiye aliyeambiwa akae jikoni.

Dharau ikikaa muda mrefu huota mizizi hata katika mambo ya dola. Wamakonde waliokuja pwani ya Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa walizaa na kujukuu huko Kwale, nao kwa miaka mingi hawakuhesabiwa kuwa raia. Sheria haikutaja chale. Ilitaja asili yao ya Msumbiji. Lakini asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, hasajili ndoa yake, na askari akimsimamisha njiani hana la kumwonyesha. Oktoba 2016 waliondoka Kwale, wazee na vijana, wakashika njia kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Serikali iliamuru wapewe uraia, na Februari 2017 walikabidhiwa vitambulisho na kutangazwa kabila la 43 la Kenya. Wengine waliokipokea walikuwa wamekwisha kuwa mababu.

Huko kwao kuchanja kumekwisha. Kulianza kufifia katika miaka ya vita vya ukombozi vya Msumbiji, vilivyoanza 1964, na baada ya uhuru wa 1975 vijana hawakuzitaka tena alama za kumtenga mtu kwa kabila lake. Wenye dinembo waliobaki ni wazee, na kila mwaka ni wachache zaidi.

Kijana wa mjini anayechora mkono wake leo kwa mashine ya umeme, akiiga wachezaji mpira, mambo yake ni mengine. Yeye ni mtu mzima, amelipa fedha yake kwa hiari, na hukumu imemfikia. Akitubu, tena siku hizi kuna matibabu ya kufutia kwa miale, atamwuliza mwanachuoni na daktari wa ngozi lipi linampasa. Mzee wa miaka themanini haulizwi hayo. Yeye ni wa kuulizwa kama amepata maji ya kutawadhia, na kama safu ya mbele imemwachia nafasi.