Mwalimu wa Uganda katika Shule za Harambee

Mzee aliyezaliwa Bungoma kabla ya Aprili 1902 alizaliwa Uganda, kwani ni mwezi huo Waingereza walipoutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Ndiyo maana habari za walimu wa Uganda waliofundisha Bungoma na Kitale miaka ya 1970 huelezwa kwa wepesi: Wabukusu wa Bungoma na Wagisu wa Uganda ni ndugu, jando lao moja, mlima wao mmoja, na ndugu humpokea ndugu. Maelezo hayo yanapendeza ila hayatoshi. Undugu ulimpa mgeni ugali na mahali pa kulala. Darasa alilipata kwa njia nyingine. Miongoni mwa waliomkimbia Idi Amin baada ya mapinduzi yake ya Januari 1971 walikuwamo pia Waganda wa Buganda, Waacholi na Walango, watu wasio na mjomba Kimilili wala Chwele huko Bungoma. Na mwaka 1970 serikali ya Uganda chini ya Obote ilikuwa imewafukuza maelfu ya vibarua wa Kikenya, wengi wakiwa watu wa magharibi wenye jamaa zao ng'ambo ya mpaka. Ujamaa haukuwaokoa.

Kilichomfungulia mwalimu mlango ni mtihani. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1967, lilitahini nchi zote tatu, na hata Tanzania ilipojitoa mwaka 1971, Kenya na Uganda ziliendelea pamoja. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa akiwaandaa vijana wa Mbale aliweza kuvuka Malaba au Lwakhakha, akashika chaki Bungoma na kuendelea na silabasi ileile, kwa mtihani uleule wa mwisho wa kidato cha nne. Upande huu alikuta pengo. Wazazi walikuwa wakijenga sekondari za harambee kwa kasi ambayo Tume ya Kuajiri Walimu, iliyoanzishwa 1967, haikuweza kuifuata. Huko Trans Nzoia mashamba ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa na kugawanywa, familia zikihamia na watoto wao. Kamati ya shule ilihitaji mtu wa fizikia, na msomi wa Makerere alikuwa hapo hapo.

Kuna watakaosema kwamba hiyo haikuwa kazi yenye maana, ilikuwa dhiki tu ya mkimbizi. Hoja hiyo ina uzito. Mshahara wa harambee ulitoka kwenye karo, na karo ilipochelewa mwalimu alikula kwa mkopo dukani. Kamati ikimchoka, hakuwa na wa kumtetea. Isitoshe, kulikuwa na fedha za haraka jirani. Baridi kali ilipoiunguza kahawa ya Brazil mwaka 1975 bei ilipaa, na soko la Chepkube, chini ya Mlima Elgon, likafurika kahawa ya magendo kutoka Bugisu. Kahawa hiyo ilitajirisha watu (na kuwaharibu baadhi yao, wasemavyo wenyeji). Lakini dhiki haifuti maana ya kazi. Mwenye magendo angeweza kuwa yeyote mwenye gunia na ujasiri, ilhali mwalimu alitakiwa kwa kile hasa alichosomea, na matokeo yake yalibandikwa ukutani kila mwaka, wazazi wakiyasoma. Wakimbizi wachache hupata bahati hiyo.

Bahati yenyewe ilikuwa ya taasisi, na taasisi zilipovunjika ikapotea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianguka 1977, Amin akang'olewa Aprili 1979, na mwaka 1980 Kenya ikaunda baraza lake la mitihani. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipofika Kenya 1985, silabasi za pande mbili zilikuwa zimeachana kabisa. Jumuiya ya leo imejaribu kuziba ufa huo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaahidi nchi wanachama kutambuliana vyeti, lakini kila nchi imebaki na mitihani yake. Mwalimu wa Mbale huvuka Malaba kwa kitambulisho tu, kisha cheti chake hupelekwa Nairobi kulinganishwa na cha Kenya.