Siti binti Saad: Mhusika wa Kitabu au Mtunzi?

Katika darasa zetu za fasihi jina la Siti binti Saad si geni. Lakini hebu tujiulize: tunapomsoma, tunamsoma nani hasa? Mara nyingi tunachosoma ni Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1958. Tunachambua maudhui yake, lugha yake na falsafa ya mwandishi wake. Siti mwenyewe hubaki kuwa mhusika katika kazi ya mtu mwingine. Makala haya yanadai kuwa hapo pana kasoro. Siti ni mmoja wa watunzi wa fasihi ya Kiswahili ya karne ya ishirini, na ana haki ya kusomwa hivyo.

Tuanze na historia. Siti alizaliwa Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake ya Kizigua. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa, na hapana haja ya kulifasiri. Utumwa Unguja ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897, yaani msichana huyu alikuwa tayari ni mkubwa sheria ilipotoka. Kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu na kuvichukua kwenda kuviuza. Skuli hakuiona, kusoma na kuandika hakujua. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko ndiko Mtumwa alikogeuka Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima.

Sasa basi, taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa ya nani? Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri kwa ajili ya starehe ya kasri lake. Iliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa cha wanaume wa mjini. Kwa ufupi, muziki ulikuwa na lugha yake, tabaka lake na jinsia yake, na Siti hakuwamo katika lolote kati ya hayo matatu. Mtoto wa shamba, tena mwanamke, tena mwenye jina lile! Alikejeliwa kwa nyimbo, akatupiwa ushamba wake na nguo yake ya kaniki. Naye alijibu kwa nyimbo.

Alifundishwa kuimba na kundi la wapigaji ambao baadaye wakawa wenzake, akina Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban. Aliweza kuimba kwa Kiarabu mbele ya wakubwa, lakini kazi yake hasa ilikuwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo mapinduzi yalipo. Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, yaani upande wa pili wa kijito kilichoutenga na Mji Mkongwe, walikoishi wafanyakazi, wachukuzi na waliokuwa watumwa. Huko watu walikusanyika usiku, wakaimba, wakazungumza yaliyotokea mtaani, na mazungumzo yakageuka beti.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwachukua Siti na wenzake hadi Bombay kurekodi. Hizi ni miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za Kiswahili, na Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika kwenye gramafoni. Hadi mwaka 1931 santuri zilizouzwa zinatajwa kufika 72,000. Bila shaka kampuni ilikuwa ikitafuta faida, haikuja kuendeleza Kiswahili. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko nia yake. Mtu asiyejua kusoma, wa Lamu, Tanga au Mombasa, aliweza kukaa mkahawani akasikiliza habari za Unguja kwa lugha yake mwenyewe.

Habari gani? Tuchukue wimbo wa Kijiti. Wimbo huu unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mja mzito, aliyechukuliwa matembezini na mwanamume huyo akauawa. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Waliokwenda kushitaki ni wanawake wenzake, na hao ndio waliopata adhabu. Msomaji aone mambo mawili. Kwanza, msimulizi hakulia tu juu ya maiti, bali aliihukumu mahakama. Pili, mahakama ya kikoloni iliandika maneno yake kwa Kiingereza na kuyafungia katika majalada. Wanawake wa Ng'ambo hawakuwa na jalada. Walikuwa na wimbo, na wimbo ndio uliodumu midomoni mwa watu.

Wapo watakaosema: sawa, lakini Siti ni mwimbaji tu, maneno mengine yalitungwa na wenzake. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba nyimbo zile zilitungwa kwa pamoja. Lakini tuangalie hoja yenyewe imesimama juu ya nini. Inadai kuwa mtunzi lazima awe mmoja, tena awe na kalamu mkononi. Hicho ni kipimo cha kitabu, nasi tunakipimia fasihi simulizi. Kama utunzi wa pamoja unamwondolea mtu utunzi, basi tufute nusu ya fasihi yetu.

Tufananishe kidogo. Mwaka ule ule wa 1928 alifariki Ellen Terry, mwigizaji mashuhuri wa jukwaa la Uingereza, ambaye uzeeni aliigiza hata katika filamu. Mwaka 1908 alichapisha kitabu cha maisha yake alichokiandika mwenyewe, na alitoa mihadhara juu ya wanawake wa tamthilia za Shakespeare. Yeye alijieleza. Siti alielezwa. Alihojiwa na Shaaban Robert mwishoni mwa maisha yake, akafariki Julai 1950, na wasifu ukatoka miaka minane baadaye. Shaaban anastahili shukrani, kwani bila yeye mengi yangepotea. Ila Shaaban alikuwa mwalimu wa maadili, na Siti wake ni mfano wa bidii na tabia njema. Siti wa Kijiti, mwenye hasira na hakimu, anatafutwa kwingine.

Wapo waliokwisha kumtafuta. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo za Siti hadi uzeeni. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, waliounda chama chao cha TAMWA mwaka 1987, waliliita jarida lao Sauti ya Siti. Hawakuchagua wasifu wake wala picha yake. Walichagua sauti.

Basi pendekezo letu kwa walimu wetu na kwa sisi wenyewe ni dogo. Tunapofundishwa Wasifu, santuri nazo ziletwe darasani, zisikilizwe, zinukuliwe kwa maandishi, na zihakikiwe fani na maudhui kama kazi nyingine yoyote. Mwanamke aliyelikataa jina la Mtumwa akiwa hai asifanywe mtumwa wa kitabu baada ya kufa.