Bunduki Nyepesi na Bunduki Sahihi: Historia ya Maneno Mawili Yanayotatiza

Mfasiri akutanapo na neno geni hujihadhari na kufungua kamusi. Akutanapo na neno la kila siku hupita bila ya kusita, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Makala haya yana nia ya kuchunguza maneno mawili ya namna hiyo, "nyepesi" na "sahihi", kama yatumikavyo kuhusu bunduki ya kuwindia. Huenda msomaji akauliza: jambo hili linamhusu nini mwalimu au mtumishi wa serikali? Jibu ni kwamba leseni, kanuni na mikataba ya silaha huandikwa kwa maneno, na neno likiyumba, sheria nayo huyumba.

Hapana budi tuanze na jina la chombo chenyewe. "Bunduki" limetokana na neno la Kiarabu ambalo asili yake ni jina la kokwa. Baadaye likawa jina la kidonge cha kurushia kwa upinde, na mwishowe likahusishwa na silaha ya baruti. Silaha hiyo ilipoenea katika mwambao wetu, Waswahili hawakuridhika na jina moja. Kamusi za zamani zimehifadhi bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe la kutoa cheche. Bunduki ya fataki. Na bunduki ya viasi, iliyopokea baruti na risasi zikiwa zimefungwa pamoja katika kiasi kimoja. Tazama utaratibu uliopo hapa. Kila jina limetaja kile kilichoitofautisha bunduki hiyo na ile iliyoitangulia. Aliyelisikia jina alijua chombo kinavyofanya kazi.

Lugha nyingine zilifuata njia kama hiyo. Wajerumani huiita bunduki ya marisau kwa jina lenye asili ya jiwe la cheche, na neno la Kifaransa la bunduki nalo linatokana na chombo cha kuwashia moto. Waingereza, kwa upande wao, walitazama ndani ya mtutu. Mafundi wa Ulaya walikuwa wamegundua kwamba mtutu ukichongwa michirizi inayozunguka kama hesi za parafujo, risasi hutoka ikijizungusha, na kwa kujizungusha huko hushika njia yake bila ya kupepesuka. Kitenzi cha kuchonga michirizi hiyo ndicho kilichozaa jina la Kiingereza la bunduki ya aina hiyo. Kiswahili hakikupata jina lililoenea kwa tofauti hii, ijapokuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Mpaka leo bunduki yenye michirizi na bunduki ya marisau, ambayo mtutu wake kwa kawaida ni laini, huandikwa kwa neno moja tu, "bunduki".

Sasa tuje kwenye wepesi. Mwingereza Samuel Baker, aliyesafiri katika mito ya mpaka wa Sudan na Uhabeshi mwaka 1861 na 1862, alikuwa na bunduki iliyorusha kombora la nusu ratili, yaani gramu 227 hivi. Waarabu waliofuatana naye waliipa jina la "mtoto wa mzinga". Uzito wake ulikuwa ratili 20, karibu kilo 9, na mtu yeyote angesema kwamba hiyo ni bunduki nzito mno. Lakini Baker mwenyewe aliandika kwamba ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Sababu yake ni kanuni ya maumbile: kadiri kombora linavyosukumwa mbele ndivyo bunduki inavyosukumwa nyuma, na bunduki isiyo na uzito wa kutosha humrudia mpigaji kwa nguvu kubwa. Baker alizungushwa na bunduki yake kama pia. Kwa hiyo, hata mizani ikisema kilo 9, bunduki yaweza kuwa nyepesi. Inategemea inarusha nini.

Mambo yalibadilika mwaka 1884, pale Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Baruti hiyo ilikuwa na nguvu zaidi, hivyo risasi nyembamba na ndefu ikaweza kwenda kwa kasi ambayo baruti nyeusi haikuiweza. Mtutu ukapungua upana, na bunduki nzima ikapungua uzito. Matokeo yake yalionekana katika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Mwindaji W. D. M. Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, aliwinda ndovu huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Wawindaji wenziwe wengi walichukua bunduki za mitutu miwili zenye kilo 5 au zaidi. Bell alipendelea bunduki iliyoundwa na Rigby wa London juu ya mtambo wa Mauser, yenye kipenyo cha milimita 7 na risasi ya gramu 11 hivi. Ndovu aliowaua kwa bunduki zake walizidi 1,000. Leo idadi hiyo hutusikitisha, na ni haki itusikitishe. Lakini kwa mwanaistilahi ina funzo: Bell alichunguza mafuvu ya ndovu mpaka akajua ubongo ulipo, akajizoeza kulenga bila ya kuchoka, na wepesi wa silaha ulimsaidia kuibeba kutwa nzima na kuiinua kwa utulivu.

Hapa ndipo linapoingia neno la pili. Watu husema "bunduki sahihi" au "bunduki yenye shabaha". Shabaha ni ya mtu. Bunduki haina macho. Kinachotakiwa kwa bunduki ni kupeleka risasi mahali pamoja kila inapofyatuliwa, nacho ni uthabiti. Bunduki thabiti mikononi mwa mlenga anayekosea kwa namna ile ile hukosa mahali pale pale. Mlenga hodari mwenye bunduki isiyo thabiti hawezi kujua risasi yake itaangukia wapi. Uthabiti huo hutokana na mtutu uliochongwa vyema, mdomo wake usio na kasoro, kifyatulio kisichohitaji kuvutwa kwa nguvu, na mtambo uliokaa barabara katika kitako. Kitako cha mti hunywa unyevu, hupinda, na huweza kuugandamiza mtutu. Kwa ajili hiyo, katika nusu ya pili ya karne ya 20 mafundi walianza kutumia vitako vya nyuzi za vioo, kisha vya kaboni, ambavyo havipindi kwa unyevu na vinaweza kuwa vyepesi zaidi. Achaguaye bunduki ya kuundisha, yaani inayoundwa kwa kipimo cha mkono na bega lake kama vile nguo ya kushonesha, huambiwa apunguze uzito katika kitako kwanza. Akiupunguza mno katika mtutu, utapata moto upesi, na risasi za baadaye huenda zikahama mahali pa zile za mwanzo.

Tumeona basi kwamba neno "nyepesi" lina maana mbili: uzito katika mizani, na udogo wa risasi. Iko na ya tatu, nayo ni ya kisheria. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu udhibiti wa silaha katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika hutofautisha silaha ndogo na silaha nyepesi. Silaha ndogo ni zile za kutumiwa na mtu mmoja. Silaha nyepesi ni kama vile bombomu nzito na mizinga midogo. Kwa kipimo hicho bunduki ya Bell ni silaha ndogo, na kamwe si silaha nyepesi. Mtumishi akiandika katika fomu kwamba mwananchi fulani anamiliki "silaha nyepesi", kwa kuwa tu bunduki yake ina kilo 3, amemweka pamoja na wenye mizinga. Aidha, nchi kadhaa za Afrika huweka kipenyo cha chini kwa kuwindia wanyama wakubwa, mara nyingi inchi 0.375, yaani milimita 9.5. Bunduki ya Bell isingeruhusiwa huko kumpiga ndovu. Kanuni ya namna hiyo ikifasiriwa kuwa inakataza "bunduki nyepesi", msomaji atakimbilia mizani badala ya kupima mtutu.

Kwa hayo tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe. Kwanza, bunduki yenye michirizi iitwe "bunduki ya mifuo", ili itengane na "bunduki ya marisau". Pili, "nyepesi" litumike kwa uzito wa mizani peke yake, na katika maandishi ya sheria uzito utajwe kwa kilo. Tatu, upana wa tundu la mtutu uitwe "kalibu". Neno hili tunalo tangu zamani kwa maana ya chombo cha kusubia madini, na asili yake ya Kiarabu ndiyo inayotajwa pia kuwa chimbuko la neno la Ulaya la kipimo hicho. Nne, "uthabiti" uwe sifa ya bunduki, na "shabaha" ibaki kuwa sifa ya mlenga. Tano, iliyotengenezwa kwa kipimo cha mwenyewe iitwe "bunduki ya kuundisha".

Yawezekana wasomaji wana maneno bora kuliko haya, hasa wale wanaoishi karibu na mapori na mafundi wa bunduki. Wayalete. Lakini kila neno litakaloletwa na lipimwe kwa kipimo cha wazee waliosema mrao, gumegume na viasi: je, linamwonyesha msikilizaji kile kinachokitofautisha chombo hiki na kingine?